Buloni Ikigripe, Nyundo Isitangulie
(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kueleza kwa nini pikapu ya chama ililala siku nne mwezi uliopita. Siku hizo mama mmoja mwenye mimba alipelekwa Baraka kwa pikipiki, uchungu umekwisha kumshika. Alijifungua salama, tunashukuru Mungu. Lakini tuseme ukweli: gari halikufia njiani. Sisi wenyewe tuliliharibu, tukilitengeneza.

Kazi ilikuwa ndogo, kubadilisha mipira ya springi za nyuma. Waliojifunza ufundi Kigoma wanaiita bushi, wa Uvira wanasema silembloki. Kitu ni kimoja. Ndani ya mpira mna kibomba cha chuma, na buloni inapita mle. Mara ya mwisho tuliiingiza kavu, bila grisi. Miezi yote ile ya kuvuka maji na matope, kutu ikajaa kati ya buloni na kibomba. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Njo maana buloni iliyoingia kwa vidole sasa haitoki hata kwa nyundo.

Sisi tulianza na hiyo nyundo. Ncha ya buloni ikapanuka kama uyoga. Tukavika kile bomba refu, watu wawili wakavuta, kichwa kikakatika. Na wakati huo wote gari limesimama juu ya kriki tu, kwenye udongo. Kriki ikazama, gari likashuka. Kijana wetu alivuta mguu wake kwa bahati. Hapo tukanyamaza wote.

Basi, fundi mzee alipokuja, alituonyesha utaratibu. Tunawapa kama alivyotupa.

Kwanza, zuia magurudumu yaliyobaki chini, tandika ubao mgumu chini ya kriki, halafu weka chasi juu ya vigingi vya chuma. Kriki ni ya kuinulia tu. Mtu haingii chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake.

Pili, sugua kutu kwa brosi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, uache yalale usiku. Asubuhi rudia. Kama hakuna, mazuti yanasaidia kidogo, ila yanataka siku zaidi.

Tatu, tumia kile ya pembe sita inayokaa sawasawa. Kaza kidogo kwanza, kisha legeza, kaza, legeza, ili kutu ivunjike polepole. Ukitaka kugonga, acha ekuru kwenye ncha ili meno yasiharibike.

Nne, moto. Unapashwa ekuru, siyo buloni, ili ekuru ipanuke. Lakini mpira unashika moto na moshi wake ni mbaya, na tangi la mafuta liko karibu. Amortisa usiipashe kabisa, inaweza kupasuka. Weka mchanga na maji karibu.

Mwisho kabisa, msumeno. Fundi alikata buloni yetu pande mbili, kati ya springi na vyuma vinavyoishika. Jasho la saa tatu, lakini hakuna kilichovunjika tena.

Buloni mpya tuliipaka grisi, tukaikaza mwisho baada ya gari kushuka na kukaa kwa magurudumu yake. Ukikaza likiwa juu, mpira unajikunja na kuchanika mapema.

Ombi letu kwa kamati ni vitu vitatu: vigingi viwili vya chuma, kopo la grisi, na daftari la kuandika siku ya kila matengenezo. Vinunuliwe kabla ya mvua. Wale wamama hawatangoji sisi tumalize kugonga.