Kurudi ku barabara si kurudi nyumbani

Hotuba iliyosomwa mbele ya mukutano mukubwa wa chama, Mbau



Komite iliniomba niseme juu ya barabara. Mutu anaweza kuuliza: barabara ni kazi ya Office des Routes, sisi chama cha waliorudi inatuhusu nini? Inatuhusu juu leo tunapashwa kuamua feza ya mufuko wetu wa kusaidiana itaenda wapi. Wengi wanataka tununue viwanja kando ya barabara, tujengee pale wale ambao nyumba zao zilichomwa. Wengine wanataka tufungue njia za kwenda mashambani. Mimi niko na hawa wa pili. Historia ya barabara hii njo inanisukuma kusema hivyo, na nitaieleza kwa ufupi.

Tuanze na pale tulipo. Barabara inayopita hapa mbele yetu ni Nationale 4. Upande mumoja inashuka Mavivi, inaingia Beni, kisha Bulongo, mupaka Kasindi ku mupaka wa Uganda. Upande mwingine inapanda Oicha na Eringeti, inaingia Ituri, inafika Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, mupaka Kisangani. Toka pale inaendelea Buta na Bondo, mupaka ku nchi ya Afrika ya Kati. Mu miaka ya 1970 wakubwa wa Afrika walipanga barabara moja kubwa toka Mombasa mupaka Lagos, na ku karatasi yao ilipita hapa hapa. Basi mama anayeuza ndizi pale ku njia panda, ku karatasi anauza ku barabara ya Mombasa na Lagos! Lakini mvua ikinyesha, Oicha tu, kilometa kama kumi, inakuwa safari.

Mbau ni njia panda. Hapa njo barabara ya pili inatoka, ile ya kwenda Kamango kwa ndugu zetu Watalinga, na mbele yake Nobili ku mupaka. Inapita mu musitu, inaingia mu Parke ya Virunga, inavuka mutoni Semuliki. Barabara hizi mbili, moja ya kwenda Eringeti na moja ya kwenda Kamango, njo zinashika kati yao ile sehemu ambayo watu waliipa jina baya, "triangle ya kifo". Mashamba ya wengi wetu iko mule.

Sasa, barabara ilituvuta mara ya kwanza namna gani? Mbele ya wazungu wazee wetu hawakuishi mu mustari. Kila ukoo ulikuwa na kilima yake ao pori yake, na ndugu zetu Bambuti walikuwa na njia zao mu musitu. Serikali ya Wabelgiji ilitaka kuhesabu watu, kukusanya kodi na kupata watu wa kazi, na mutu anayekaa mbali mu pori ni vigumu kumuhesabu. Basi vijiji vikaletwa kando ya barabara. Barabara yenyewe ililimwa kwa jembe na kwa mukono, na wenyeji njo walipashwa kuichunga. Amri ya mwaka 1933 iliruhusu wakubwa kumulazimisha mwenyeji kazi mupaka siku 60 kwa mwaka. Upande wa Semuliki ugonjwa wa malale na mipaka ya parke, ile iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, vilitosha watu mu bonde. Hivyo mustari wa nyumba tunaoona leo toka Beni mupaka Eringeti haukupandwa na babu zetu. Walipangwa pale.

Lakini wazee walikuwa na akili. Walikubali nyumba iwe ku barabara, shamba ikabaki ndani. Asubuhi unaingia, kilometa tano, kilometa kumi. Wakati wa kazi nyingi unalala kule kule mu kibanda. Siku ya soko unatoka na muzigo. Wakati wa Mobutu salongo ilikuwa kila juma. Watu walinungunika, lakini mitaro ilikuwa wazi na maji ilikuwa na njia yake. Barabara ya udongo haiuawi na gari peke yake. Inauawa na maji iliyokosa pa kupita. Ndiyo maana kuliwekwa bariere ya mvua: mvua ikinyesha, lori ya muzigo muzito inangoja udongo ukauke. Bariere ikifunguliwa kwa matabishi, Fuso moja inatosha kuchimba shimo la kumeza zingine kumi.

Na shamba ilitulisha. Ilikuwa kahawa. Ugonjwa wa kukausha miti ukamaliza kahawa, tukapanda kakao. Kakao iko na heshima yake: inataka mwenyewe aipitie mara kwa mara, akate matawi, atoshe matunda iliyooza, avune kwa wakati. Shamba ya kakao usiyoifikia si shamba tena, ni pori yenye jina lako.

Mara ya pili barabara ilituvuta kwa damu. Mwezi wa saba 2013 Kamango ilishambuliwa, na watu zaidi ya 60 000 wakavuka mupaka kuingia Bundibugyo. Mwezi wa kumi 2014 mauaji ikafika huku kwetu, upande wa Oicha, Mayi-Moya, Ngadi, Eringeti. Sitahesabu wafu hapa. Kila mutu mu chumba hiki anajua wake. Mwezi wa kumi na mbili 2017 askari 15 wa Tanzania waliokuja kwa kazi ya amani waliuawa ku kambi yao pale Semuliki, ku barabara hii ya Kamango. Toka mwisho wa 2021 majeshi ya Uganda na ya kwetu walianza kazi ya pamoja, na mashini zikasukuma njia toka Nobili na Kamango kuelekea Semuliki. Lakini mwaka huo huo, mbele kidogo, mu mwezi wa tisa, magari iliyosindikizwa na askari ilishambuliwa kati ya Komanda na Luna na ikachomwa. Munaona: ku barabara hii hata kusindikizwa si ukuta.

Mu miaka hiyo yote watu walitoka ndani, wakakusanyika ku barabara. Mule mu muji, mu makanisa, mu masomo, kwa ndugu, kwa rafiki. Na leo tunaposema "watu wamerudi," tunaangalia wapi? Tunaangalia ku barabara. Gari ya mugeni inapita, anaona mabati mapya, anaona soko, anaandika: wamerudi. Na kweli, ni furaha. Lakini muulize mama yule anayeuza pale. Anapanga nyumba ya wengine. Mihogo anayouza ameinunua. Shamba yake iko kilometa nane ndani na hajaikanyaga toka alipokimbia. Kakao yake inavunwa na mutu asiyemujua. Mama huyu amerudi Mbau, lakini hajarudi kwake.

Kwa hiyo ninaogopa viwanja vya kando ya barabara. Tukinunua kiwanja na kujenga, tunamupa mutu nyumba bila chakula, na tunamaliza mufuko kwa familia chache. Mbaya zaidi, tunasaini kwamba ndani si kwetu tena. Shamba ikikaa miaka kumi bila mwenyewe, inapata mwenyewe mwingine. Watoto waliozaliwa Beni mu kukimbia hawajui hata mupaka wa shamba ya babu yao ni muti gani. Mzee akienda kaburini na jina la muti ule, nani atamwonyesha mutoto?

Wengine watanijibu, na wako na haki: "Unataka kututuma mu pori tukafe?" Hapana. Hakuna shamba inayozidi mutu. Sitaki chama kimwambie mutu hata mumoja aingie mahali ambapo usalama haujafika. Nasema juu ya zile njia ambazo wenye mashamba tayari wameanza kuingia asubuhi na kutoka mbele ya magaribi. Munazijua. Watu wanapita kwa kuinama, majani yamefunga kila upande, daraja za miti zimeoza, mugonjwa anabebwa ku mugongo. Pale njo feza yetu ifanye kazi.

Wengine tena wanasema njia ikifunguliwa adui atapita. Wale wauaji hawakungoja njia. Wanatembea mu musitu. Njia iliyofungwa na majani inamuficha yule anayevizia, si yule anayelima. Njia ikikatwa wazi pande zote mbili, unaona mbele, na pikipiki inaweza kufika kumutosha mutu haraka.

Ninaleta kwenu mambo matatu. La kwanza: tuchague njia chache, pamoja na wakubwa wa vijiji na wenye kazi ya usalama. Mahali wanaposema bado, tungoje. La pili: kazi ifanywe na wanachama wenyewe, kila kikundi na kipande chake, walipwe chakula cha siku na kidogo cha mufuko. Tununue majembe, panga, mbao za daraja. Na tusikate majani tu, tuchimbe mitaro, juu bila mutaro mvua ya kwanza itarudisha pori. La tatu: watu waingie kwa kundi, na wazee waende pamoja na vijana siku ya kwanza, waonyeshe mipaka ya mashamba, iandikwe mbele ya mashahidi. Kazi hiyo ya tatu haiombi feza nyingi, na wazee hawatatungoja.

Kwenu wapendwa munaotusaidia toka mbali: mulitupa mabati na vyombo wakati hatukuwa na kitu. Hatutasahau. Sasa tunawaomba kitu kingine. Mu liste yenu kuna swali moja: "Amerudi?" Muongeze mawili: "Analala wapi? Na shamba yake anaifikia?" Jibu la swali la kwanza munalipata mukiwa ndani ya gari. Kwa ile mingine mawili munapashwa kushuka na kutembea na sisi.

Barabara kubwa serikali itaitengeneza, leo ao kesho, na tutaendelea kuidai. Lakini njia ya kwenda mu shamba ya mama yangu ao ya baba yako, hakuna karatasi ya Kinshasa iliyoandika jina lake. Tusipoifungua sisi, hakuna wa kuifungua.

Kura iko kwenu.