Kifue Kabla ya Kukikata

Mazungumzo kwa vikundi vya kushona vya Kibera na Kawangware

Leo tuzungumze juu ya kufua kitambaa kabla ya kushona blanketi za viraka.

Najua mtaniuliza, "Maji tunanunua kwa mtungi, kwani tufue kitambaa kipya?" Ndiyo, tufue. Shati la mitumba la Toi limeshafuliwa mara nyingi, halirudi tena. Lakini marekani mpya ya pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Metaa moja yaweza kupungua sentimita 3 hata 5. Ukishona viraka vya mitumba juu ya marekani mpya, mteja akifua, blanketi yote inajikunja. Kitenge chekundu nacho kikichuja, cheupe kinaharibika. Mteja huyo hamtamwona tena, na pesa ya kikundi imekwenda.

Shida ni kwamba kitambaa kibichi hufumuka pembeni, nyuzi zikasokotana. Basi fanyeni hivi:

Kwanza, kateni ncha ya kila kona kimshazari, kidogo tu kama ukucha. Pande zilizokatwa dukani zipigeni zigizagi, ama mshono wa mkono.

Pili, jaribuni rangi. Lowesheni kona moja, ikandamizeni kwa kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kifueni peke yake mpaka maji yawe safi.

Tatu, msisugue wala kusokota. Kandeni pole pole ndani ya karai, vitambaa vikubwa mbali na vidogo. Vidogo vitieni ndani ya foronya, mfunge mdomo. Mabaki madogo ya kwa fundi yalowesheni tu kwenye bakuli, kisha yalazeni juu ya taulo.

Nne, nyuzi zikitoka msizivute. Zikateni kwa makasi. Kung'uteni kitambaa, kianikeni kivulini kikiwa kimenyooka, mkipige pasi kabla hakijakauka kabisa.

Kuhusu maji, anzeni na vyeupe, kisha vya rangi, na yanayobaki mpigie sakafu deki. Mkihitaji metaa 10, nunueni 10 na nusu. Hiyo nusu, pamoja na maji na sabuni, iandikwe katika daftari na iingie kwenye bei. Msiibebe ninyi wenyewe.

Swali la kujadiliana: blanketi yenu ya mwisho, gharama ya kufua mliihesabu?