Mtarakwa na Nguzo za Shamba



Kila mwenye boma aijua adha ya mchwa. Nguzo ya mkaratusi isiyotiwa dawa husimikwa, na baada ya misimu michache hukatika penye usawa wa ardhi. Ng'ombe huingia katika mahindi ya jirani, na hapo ugomvi huanza.

Mti wa asili uwezao kushindana na mchwa ni mtarakwa. Wengi huuita seda na kuufananisha na mierezi ya Lebanoni iliyotajwa katika Biblia. Kumbe jamaa yake wa karibu ni msaiprasi, ule ulioletwa kutoka Mexico na nchi jirani zake. Makao ya mtarakwa ni misitu ya milimani isiyo na mvua nyingi mno: Mau, Aberdare, na miteremko ya Mlima Kenya. Huenea toka Uarabuni mpaka Zimbabwe, nao waweza kufikia urefu wa mita 40.

Uimara wake wakaa katika kiini chekundu chenye harufu nzuri. Mbao nyeupe iliyokizunguka kiini hicho haina nguvu hiyo, nayo huoza. Basi mnunuzi na autazame mwisho wa nguzo: nyekundu iwe nyingi, nyeupe iwe chache. Tena mti waweza kuonekana mzima kwa nje, na huku kuvu imekwisha kuula moyo wake, ukabaki mtupu kama mzinga. Mbao nzima hupasuka vizuri kwa kabari. Ndiyo sababu ilitumiwa kwa vigae vya kuezekea, na kwa penseli pia.

Lakini mtarakwa hukua polepole. Aupandaye huwapandia wajukuu, na mashamba ya Kisii yamekwisha kugawanywa vipande vidogo baina ya ndugu. Si ajabu mkulima akiuchagua mkaratusi, umpao ada ya shule upesi. Ubaya ni kuupanda penye chemchemi, kwani hunywa maji mengi. Yafaa kuiweka mitarakwa michache pembezoni, mahali pasipotuama maji. Usipandwe mmoja peke yake: kwa kawaida mti huwa wa kiume au wa kike, na wa kike ulio mbali na mwenzake hautatoa mbegu njema.

Atakaye nguzo sasa, asinunue usiku. Na amwulize muuzaji hati ya kusafirishia iliyotolewa na Shirika la Huduma za Misitu Kenya. Gogo lisilo na hati huenda limekatwa Mau, msitu uulishao Mto Sondu, ambao hupita mpakani mwa Nyamira.