Minji Kavu Bila Kumaliza Kuni

Leo tuzungumze juu ya minji yetu ya hapa Nyeri. Wengi wetu tunaiuza yote ikiwa bichi, wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Tunasema kavu inamaliza kuni. Tukiiloweka, sivyo.

Jioni tuchague vikombe viwili, tuoshe, tumwagie vikombe sita vya maji moto na magadi nusu kijiko cha chai. Magadi yakizidi yanaharibu vitamini B1 na kuleta ladha ya sabuni. Asubuhi tumwage maji hayo, tusuuze, tuchemshe kwa maji mapya, moto mdogo, sufuria imefunikwa. Nyanya tungoje mpaka iive, maana uchachu wake huichelewesha. Kwa kiasi cha saa moja inapondeka kwa mwiko. Ya zamani hukawia zaidi. Waingereza huila hivyo pamoja na samaki. Sisi tuiponde na viazi, tupate mukimo.

Basi, kila nyumba iweke debe moja iliyokauka vizuri, ya miezi ya njaa. Kuni zikipungua, migongo ya akina mama nayo itapumzika.