Maneno ya Nyimbo Zetu
(Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Sherehe ya Jubilei ya Miaka 50, Timau)

  

Nimepewa dakika kumi. Mwenyekiti amenionya kwamba katibu akishika maikrofoni hudhani anasoma kumbukumbu za mkutano. Nitajitahidi.

Mwezi wa kwanza kamati ilinituma nikusanye nyimbo zote ambazo kwaya hii imetunga tangu ianze, ili zichapwe katika kijitabu hiki. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi mbili. Nikafungua kabati la ofisini, nikatoa madaftari ya zamani, nikahesabu majina ya nyimbo 31. Zenye maneno kamili zilikuwa 11. Zilizobaki zilikuwa na ubeti wa kwanza tu, na chini yake mwandishi ameandika "n.k." Simlaumu. Wakati huo kwaya nzima ilizijua. Nani angehangaika kuandika kitu kinachoimbwa kila Jumapili?

Basi nikaenda nyumbani kwa mama mmoja aliyeimba sauti ya kwanza tangu mwanzo. Nilimtajia wimbo mmoja wa zile zenye "n.k." Akauimba huku anamenya viazi, beti tatu bila kukosa neno. Alipofika wa nne akanyamaza. Akasema, "Mwanangu, huo ulikuwa wa mwalimu peke yake. Sisi tulikuwa tunaitikia tu. Alienda nao." Mwalimu huyo tulimzika miaka sita iliyopita.

Tangu siku hiyo nimefikiria sana jinsi imani inavyotegemea maneno yaliyotungwa vizuri na kutunzwa vizuri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wanafunzi wangu hudhani mashairi ni somo la Kiswahili na Biblia ni somo la dini, na kati yake kuna kengele ya mapumziko. Lakini fungueni Zaburi. Nyingi zinaanza na maelekezo kwa mwimbishaji. Nyingine zinatajwa kuwa za Asafu, nyingine za wana wa Kora, na Biblia inatuambia hao walikuwa waimbaji. Kwa maneno mengine, Zaburi ni kabati la kwaya. Tazameni pia Zaburi ya 119. Katika Kiebrania ina mafungu 22, kwa kuwa herufi zao ni 22. Kila fungu lina mistari minane, na mistari yote ya fungu moja inaanza kwa herufi ile ile, hata jumla inafika mistari 176. Aliyeitunga alikuwa anasali, na alikuwa anahesabu. Mtu aliyezijua herufi zake alikuwa na kamba ya kuishika asipotee njiani.

Sasa tuje kwetu. Kitabu tunachokishika kila Jumapili kinaitwa Tenzi za Rohoni. Je, mmewahi kujiuliza neno "tenzi" lilitoka wapi? Halikuja na meli ya wamishonari. Utenzi ni utungo wa washairi Waislamu wa pwani, watu wa Pate, Siu, Lamu na Mombasa. Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza vinamalizika kwa sauti moja, na cha nne kina sauti yake inayorudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Kwa muundo huo walisimulia habari za mitume, wakaonya juu ya kifo, wakawausia watoto wao. Mwana Kupona wa Siu alimtungia binti yake wasia katika mwaka wa 1858, na mpaka leo unasomwa. Nyimbo nyingi za kitabu chetu zimetafsiriwa kutoka Kiingereza na hazifuati kanuni hizo za mizani. Lakini Wakristo walipotafuta neno la Kiswahili lenye heshima ya kutosha kwa nyimbo za Mungu, walilikuta kwa majirani zao Waislamu.

Kuna habari nyingine inayonigusa zaidi. Mojawapo ya tenzi za zamani kabisa tulizo nazo ni Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani. Unahusishwa na mwaka wa 1728. Unasimulia vita kati ya Waislamu na mfalme Herekali wa Rumi, na katika masimulizi hayo Wakristo ndio maadui. Sasa sikilizeni. Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, ndiye yule aliyeuona mlima wetu huu kutoka Ukambani mwaka wa 1849. Alipata nakala ya utenzi huo huo, na mwaka wa 1854 nakala hiyo ilikuwa imekwisha kufikishwa Ujerumani ikatunzwe katika maktaba. Mhubiri wa Injili alitunza utungo ambao Wakristo wenzake wanashindwa vitani! Naamini alijua kwamba ukitaka kumwambia mtu habari za Mungu, lazima kwanza uheshimu maneno anayoombea.

Na muundo ule uliendelea kusafiri. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkatoliki, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka wa 1963, na Utenzi wa Zaburi mwaka wa 1965. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, kama ambavyo si lugha ya mama ya wengi wetu hapa. Aliupokea muundo wa Waislamu wa pwani akautilia Injili. Zaburi, ambazo zilikuwa mashairi ya Waebrania, zikawa mashairi ya Waswahili.

Najua baadhi yenu mna wasiwasi. Tulipoanza kuimba kwa mahadhi ya Kimeru, wazee wawili waliniuliza kwa upole kama hatuleti mambo ya kale madhabahuni. Nawaheshimu, na swali lao ni la haki. Jibu langu ni habari ya Mbwaa. Wameru wengi hapa mliisikia kwa nyanya zenu: jinsi mababu walivyokuwa watumwa wa watu wa Nguo Ntuune, wakapewa kazi zisizowezekana, wakatoroka, na kiongozi wao akayapiga maji kwa fimbo wakavuka. Wako wanaosema wazee waliichanganya na habari ya Musa baada ya Biblia kufika. Hilo nawaachia wanahistoria. Ninachojua ni kwamba Mmeru aliposomewa kitabu cha Kutoka hakusikia habari za wageni. Alikuwa na mahali pa kuiweka. Mahadhi ni chombo tu. Tukipime kwa kile tunachokitia ndani.

Na sisi wa Timau tunaelewa jambo hili kuliko wengi. Mashamba ya ngano na ya maua yametuleta pamoja. Katika kwaya hii yuko Mmeru, yuko Mkikuyu, Mturkana na Mluhya. Tungesubiri kila mtu aimbe kwa lugha ya kwao peke yake, tusingekuwa na besi wala alto.

Ndiyo maana naomba mambo matatu. Kwanza, waanzilishi waliobaki ni wanne. Kila mmoja atembelewe na vijana wawili kabla ya Krismasi, wakiwa na simu ya kurekodi na daftari. Msiende mikono mitupu, bebeni sukari. Pili, kuanzia leo wimbo wowote utakaotungwa na kwaya hii uandikwe beti zote, pamoja na jina la mtunzi na mwaka. Mimi katibu wenu nimeapa kutoandika "n.k." katika daftari la nyimbo. Tatu, mtakuta ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki una wimbo wa beti tatu, na chini yake mistari mitupu. Wachapaji walidhani tumekosea. Hatukukosea. Hapo ndipo mahali pa ubeti wa nne wa mwalimu. Kama yuko kati yenu anayeukumbuka, hata neno moja, tafadhali asiondoke kabla hajaniona. Nitakuwa mlangoni na kalamu.

Na kama hakuna, basi miaka 50 ijayo mtu asije akasema hivyo juu yetu.

Mungu awabariki. Amina.