Maneno juu ya Mabenchi ya Ukumbusho



Tumeitwa tuseme maneno machache juu ya jambo lionekanalo dogo mbele ya mambo makubwa ya jubilei hii. Jambo lenyewe ni mabenchi. Katika mitaa yetu ya Korogwe na Handeni watu wametaka kumshukuru Mungu kwa kitu kitakachoonekana hata baada ya sikukuu kwisha, na wengi wameshauri hivi: tutengeneze mabenchi ya mbao nzuri, mengine yawekwe kanisani, mengine chini ya miti mbele ya shule na zahanati na mahali pa kungojea magari, na kila benchi liandikwe jina la mtu tumpendaye aliyekwisha kufariki. Shauri hili limepata wenye kulisifu na wenye kulikataa. Wenye kulikataa wana maneno mawili yenye uzito, nasi twataka kuyajibu kwa taratibu, tusije tukaweka mbao kanisani na huku tumeweka ugomvi mioyoni.

Kwanza na tutazame kitu chenyewe. Kiti kina mwenyewe. Ndiyo maana mkuu wa mkutano huitwa mwenyekiti, na kanisa lenye kiti cha Askofu ndilo kanisa kuu la dayosisi. Hata nyumbani kigoda cha babu hakikaliwi ovyo na mtoto. Lakini benchi halina mwenyewe. Ajaye huketi, na ajaye baada yake husema, Sogea kidogo, ndugu, nami nipate. Wala hapana aonaye kuwa amenyang'anywa haki yake. Wenzetu wa Unguja wamelijua jambo hili tangu zamani. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina baraza za mawe zilizojengwa ukutani upande wa njia, na mpita njia huketi hapo bila kubisha hodi. Tena angalieni jinsi neno lile lilivyokua: baraza ni mahali pa kuketi, kisha likawa jina la watu walioketi pamoja kushauriana, hata leo twasema Baraza la Mawaziri.

Basi ukumbusho wa namna hii una pande mbili. Jina ni la mtu mmoja, na mahali ni pa watu wote. Watu wa nchi ya Handeni hawana haja ya kufundishwa jambo hili na wageni. Vijiji vingi vya Uzigua vyaanza na neno kwa: Kwa Mkono, Kwamsisi, Kwachaga, Kwamatuku. Neno hilo ndilo tulitumialo tukitaja nyumbani kwa mtu. Lakini mgonjwa apelekwaye hospitali ya Kwa Mkono haulizi kwanza kama mwenye jina amempa ruhusa. Jina limekwisha kuwa mlango, na mlango umebaki wazi.

Tena tunao mfano ulio bora kuliko huo katika Injili ya Mtakatifu Yohana. Bwana wetu alipopita Samaria alichoka kwa safari, akaketi penye kisima. Mwinjili hakutuambia tu kwamba palikuwa na kisima. Alikitaja kwa jina la Yakobo. Yakobo alikuwa amekwisha kulala kaburini zamani sana, na mahali pale palikuwa bado pake katika vinywa vya watu. Naye aliyeketi pale hakuwa mwenyeji, na mwanamke aliyekuja kuteka maji alikuwa wa taifa ambalo Wayahudi hawakushirikiana nalo. Yakobo alichimba kwa ajili ya wanawe na mifugo yake. Hakujua ya kuwa siku moja Mwokozi wa ulimwengu, akiwa na kiu, angepumzika pale. Ninyi mnaokaa Handeni, ambako wanawake wamekwenda mbali kutafuta maji wakati wa kiangazi, mwajua vizuri kuliko sisi thamani ya mahali ambapo mtu aliyechoka hutua ndoo na kuketi.

Sasa tulitazame neno la kwanza la wenye kukataa. Wazee wengine wamesema hivi: tuliacha matambiko tulipobatizwa, mbona leo mwaturudisha kwa kuandika majina ya wafu juu ya mbao? Wazee hao wanalinda imani, nasi twawashukuru. Lakini tofauti iko wazi. Tambiko hutolewa kwa mzimu ili aridhike, asilete ugonjwa wala kuzuia mvua; maana yake wafu wanangojea kitu kutoka kwetu, na wasipokipata hukasirika. Benchi haliwapi wafu kitu chochote. Huwapa walio hai mahali pa kuketi, na wao waliolala hukabidhiwa kwa Mungu kwa sala. Kanisa letu halikutufundisha kamwe kuwasahau marehemu. Askofu Frank Weston, aliyeiongoza dayosisi tangu mwaka wa 1908, alifariki Hegongo tarehe 2 Novemba 1924, siku ile ile tunapowaombea Marehemu Wote, akazikwa Magila. Kila mwaka siku hiyo ikifika twasoma majina madhabahuni. Benchi lenye jina ni kama kipande kidogo cha siku hiyo kilichobaki nje mwaka mzima. Watu husema, asiyekuwapo na lake halipo. Mkristo aketiye penye jina la marehemu na kumwombea anasema kinyume chake: huyu hayupo machoni petu, na lake bado lipo.

Neno la pili ni gumu zaidi, nasi twakiri ya kuwa latutia hofu. Mama mmoja maskini aweza kuuliza: benchi lagharimu fedha, mimi nimezika watoto watatu, nao hawatapata hata ubao wa kiganja kimoja, je, Kanisa litawakumbuka wafu wa matajiri peke yao? Swali hili tusiliepuke. Historia ya Uingereza yatuonya. Huko zamani familia zenye mali zilinunua au kukodi viti vya kanisa, vingine vikiwa na kuta za mbao na milango yake, na maskini wakapata nafasi za nyuma au wakasimama. Katika karne ya 19 walitokea Wakristo walioipinga desturi ile wakasema kanisa liwe wazi kwa wote; nao wengi wao walikuwa wa upande ule wa Kanisa uliotuletea Misheni ya UMCA. Ingekuwa aibu kubwa kama sisi, watoto wa misheni hiyo iliyofika Magila mwaka wa 1868, tungejenga tena kwa mikono yetu yale waliyoyabomoa. Mtakatifu Yakobo katika waraka wake ameliona jambo hili: tajiri mwenye pete hupewa kiti kizuri, na maskini huambiwa akae chini karibu na miguu ya watu. Alilihukumu bila kuzunguka.

Jibu letu ni kwamba jina katika benchi lisiwe ufunguo. Aliyetoa benchi asipate kwa hilo haki ya kuketi. Akimkuta mgeni ameketi penye jina la baba yake, na ashukuru, maana ndipo zawadi yake imefanya kazi. Tena majina yasichaguliwe kwa mfuko wa fedha. Mtaa mzima uchange, mwenye shilingi elfu na mwenye debe la mahindi, kisha wazee na mama waketi wachague majina kwa sala: mwalimu aliyefundisha wengi kusoma, mkunga aliyepokea watoto usiku, mzee aliyepiga kengele miaka mingi bila mshahara. Na katika kila mtaa tungetaka liwepo benchi moja la wale wasio na mtu wa kuwataja. Mama yule maskini na aketi hapo, ajue kwamba watoto wake wamo.

Nchi hii ina watu wengi wa namna hiyo. Bonde la mto Pangani lilikuwa njia ya misafara iendayo pwani, na kati ya waliopita wakiwa wamefungwa wengi hawakurudi wala hatuna majina yao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, na Kanisa Kuu likajengwa mahali pale pale. Baadaye ukaja mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta upande wa Tanga mwaka wa 1893. Mashamba ya Korogwe yalipozidi kutaka watu, wakatafutwa kutoka mbali, Songea na Kigoma, Rwanda na Urundi na Msumbiji. Na mwaka wa 1944 wenye mashamba wakafanya ofisi ya kuwaandika, iliyoitwa SILABU. Kila mtu alipewa namba yake, na kwa sababu hiyo watu wakawaita manamba. Fikirini jambo hili, ndugu. Mtu alitoka kwao ana jina alilopewa na bibi yake, akafika hapa akawa namba. Wengine walizikwa hapa, mbali na kwao. Kama kuna watu wanaostahili kukumbukwa penye njia za Korogwe, ndio hao.

Wala si sisi peke yetu tuliowaza hivyo. Mwaka wa 1989 mwandishi mmoja mwanamke wa Marekani, Toni Morrison, mzao wa watumwa, alilalamika ya kuwa hapana mahali pa kwenda kuwakumbuka watumwa waliopelekwa nchi ile. Hapana mnara, hapana hata benchi dogo kando ya njia. Watu waliopenda maandiko yake walilishika neno hilo, na mwaka wa 2008 wakaweka benchi la kwanza katika Sullivan's Island, pwani ambako Waafrika wengi waliteremshwa kutoka majahazini. Yeye mwenyewe alikwenda akaketi. Hakuomba sanamu kubwa. Aliona benchi latosha, kwa kuwa mtu aweza kuketi na kutulia na kuwafikiri.

Na tukiisha kuketi, tufanye nini? Hapa twataka kuwaletea habari kutoka Zimbabwe. Tabibu mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliona huko Harare kwamba watu wenye huzuni nyingi hawana wa kuwasikiliza, na matabibu ni wachache mno. Mwaka wa 2006 akaanza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare. Akawafundisha kusikiliza, akawaweka juu ya mabenchi ya mbao nje ya zahanati, na mwenye moyo mzito huja akaketi karibu na bibi akasema yake. Mwaka wa 2016 habari za uchunguzi wa kazi hiyo zilitangazwa, nazo zilionyesha ya kuwa walioketi na mabibi walipata nafuu kuliko wenzao waliopata matunzo ya kawaida. Kazi hiyo imekwisha kufika hata Unguja. Hapana dawa ya ajabu katika ubao ule. Iliyo pale ni bibi mwenye subira, na nafasi karibu naye. Mabibi wa namna hiyo tunao Korogwe na Handeni, na mabenchi tutakuwa nayo.

Sasa twasema machache juu ya kazi yenyewe. Mbao ziwe za mninga au mvule kama zikipatikana kwa njia halali, maana mchwa hawaheshimu jina la mtu yeyote. Miguu ya mabenchi ya nje isimame juu ya mawe au saruji. Benchi liwe na mahali pa kuegemea, kwa ajili ya wazee na wenye mimba. Maneno yawe machache, jina na kazi aliyoifanya, wala bei isiandikwe, wala jina la mtoaji. Tena kila benchi liwe na watu wa kulitunza, maana benchi lililovunjika mguu lenye jina la mzee wetu ni aibu kuliko kukosa benchi.

Nanyi walimu, twawapa sehemu yenu. Watoto watasoma majina yale kabla ya kusoma vitabu. Waelezeni kila jina lilikuwa la nani na alitenda nini. Waambieni kwamba mtoto aliyeketi akimwona mzee amesimama, jina lile linamwambia ondoka umpishe. Mtoto akijifunza hilo, benchi limekuwa shule.

Neno la jubilei katika Agano la Kale lilikuwa mwaka wa kufunguliwa: mtumwa alirudi kwao, na shamba likarudi kwa wenyewe, ili watu wakumbuke ya kuwa nchi ni ya Mungu, nao ni wageni na wapitaji juu yake. Sisi nasi tu wapitaji. Waliotutangulia waliketi kidogo wakaondoka, wakatuachia nafasi. Mungu awape raha ya milele wote tutakaowaandika na wote ambao majina yao anayajua yeye peke yake, naye atupe sisi moyo wa kusogea ili mwingine apate kuketi. Amina.