Batman na Hasankeyf: Mji Uliokua na Mji Uliozama



Katika darasa lile pale tulichorewa ubaoni mito miwili, Tigris na Frati. Nilikariri, nikapata alama zangu, nikasahau kwamba kandokando ya mito ile wanaishi watu. Leo naomba mnivumilie nirudi Tigris, upande wa Uturuki, kwa Wakurdi.

Kuna mji huko uitwao Batman. (Vijana msicheke; si yule wa sinema.) Zamani kilikuwa kijiji tu, Iluh. Mwaka 1940 mafuta yalipatikana karibu, katika mlima Raman. Mwaka 1955 kikafunguliwa kiwanda cha kuyasafisha, na 1990 Batman ikawa makao makuu ya mkoa. Lakini si mafuta peke yake yaliyoukuza. Miaka hiyo ya 1990, vita kati ya serikali na wapiganaji wa PKK viliwang'oa Wakurdi wengi vijijini, nao wakakimbilia mjini. Leo wakazi wake wamepita 400,000.

Kusini yake, ukingoni mwa Tigris, upo Hasankeyf: mapango maelfu yaliyochongwa mwambani, nguzo za daraja la karne ya 12, msikiti wa El Rizk wa mwaka 1409. Mwaka 2019 bwawa la Ilısu lilianza kujazwa, na 2020 mji wa chini ukawa umezama. Kaburi la Zeynel Bey, lenye uzito wa tani 1,100 hivi, lilikuwa limeokolewa mwaka 2017, likabebwa zima zima juu ya magurudumu umbali wa kilomita mbili.

Mimi ni mtumishi wa ardhi. Sitawaambia kuwa bwawa ni upumbavu. Megawati 1,200 si haba, na umeme hata mimi nautaka. Ila fomu za fidia nimezijaza miaka mingi. Zina nafasi ya vyumba, mabati na miti. Jirani hana nafasi.

Wengi wa Hasankeyf walihamia mji mpya uliojengwa ng'ambo, mlimani. Kabla maji hayajapanda, makaburi ya jamaa zao yalifukuliwa, mifupa ikazikwa upya huko juu.

Katika fomu yetu, ndugu zangu, kaburi lina mstari mmoja.